Mkate Kabla ya Upasuaji

Kila asubuhi niliamka nimechoka kuliko nilivyokuwa wakati wa kulala. Mdomo mkavu, kichwa kinagonga, na kaka yangu, ambaye tulilala naye chumba kimoja, yuko tayari na maneno yake. "Umekoroma mpaka jirani kagonga ukuta," alisema. Nilimrushia mto, nikanywa maji, nikavaa sare, nikaenda shule nimenuna. Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Lakini mwaka ule, nikiwa darasa la sita, hata mtu mpole angewaka.

Kipindi cha tatu kilikuwa Hisabati. Mwalimu akianza tu kuandika sehemu ubaoni, macho yangu yanajifunga yenyewe. Nilijifinya mapaja, nikajiuma ulimi, nikahesabu mbao za dari. Wapi! Siku moja nilishtuka nikakuta darasa zima linacheka, na mwalimu amesimama mbele ya dawati langu na chaki yake mkononi.

"Umelala tena?"

"Sikulala, mwalimu. Nilifumba macho tu."

"Na ule mngurumo ulitoka wapi?"

Tangu siku ile wakaniita Jenereta. Nikipita uwanjani, wavulana wananguruma. Nikikaa kula, kuna mtu atauliza kama mafuta yamekwisha. Mwalimu naye aliandika kwenye daftari langu kwa wino mwekundu: "Mvivu. Huwa anakesha akifanya nini?" Kukesha! Mimi niliyelala mapema kama kuku! Niliichana ile karatasi vipande vipande, nikapata adhabu nyingine juu ya ile ya kwanza.

Mama hakunisaidia. Yeye ni fundi cherehani, hushona sare za shule na za hospitali katika chumba kidogo kinachotazama barabara. "Mimi mgongo unaniuma kwa kuinama hapa, wewe unakwenda shule kulala?" alifoka. Nikamwambia silali kwa kupenda. "Kimya! Kila siku una jibu." Nikabana meno. Hakuna kitu kinachochoma kama kusema ukweli usiaminiwe.

Ilitokea Jumamosi moja mchana. Nilikuwa namsaidia Mama kutia vifungo, nikasinzia juu ya rundo la vitambaa. Yaliyofuata nilisimuliwa baadaye. Muuguzi mmoja, mama mnene mwenye sauti nzito, alikuja kupima gauni lake jipya la kazini. Akasikia nakoroma, kisha kimya. Mama akaendelea kukanyaga cherehani.

"Hebu simamisha hiyo mashine," muuguzi akamwambia. Akatazama saa yake ya mkononi, akatazama kifua changu. Nilikaa sekunde kumi na nne bila kuvuta pumzi, halafu nikakurupuka kama mtu aliyeibuka majini, nikaendelea kukoroma.

"Huwa anafanya hivi?"

"Siku zote," Mama akajibu. "Analala fofofo huyu."

"Fofofo! Dada yangu, mtoto anakabwa mbele ya macho yako, wewe unatia pindo! Jumatatu umlete hospitali. Usipomleta, nitakuja kumchukua mwenyewe."

Jumatatu daktari wa masikio, pua na koo aliniambia nifungue mdomo. Akamulika, akaguna. Mafindofindo yangu, zile tezi mbili za kooni, yalikuwa yamevimba mpaka yamekaribia kugusana. Nyuma ya pua nako kulikuwa na vinyama vilivyoziba njia.

"Akilala, misuli ya koo inalegea, njia inaziba, pumzi inakatika," daktari alimweleza Mama. "Ubongo unamshtua ili apumue. Akilala tena, inakatika tena, mara nyingi kila saa. Huyu si mvivu. Huyu hajalala usingizi wa maana miaka mizima. Dawa yake ni upasuaji, tuyaondoe mafindofindo pamoja na hivyo vinyama."

Mama aliinamisha kichwa. Mimi nililia, lakini si kwa woga. Nililia kwa hasira. "Si nilisema!" nikapiga kelele. "Si nilisema!" Hakuna aliyenikemea.

Daktari bingwa wa upasuaji huo alikuja katika hospitali yetu kila baada ya miezi mitatu, siku mbili tu. Nilipangwa Alhamisi, siku yake ya pili, saa mbili asubuhi. Ikifika saa sita mchana, gari lingempeleka mji mwingine. Tulipewa karatasi yenye masharti, na Mama akaisoma kwa sauti mara mbili: nisile chochote kuanzia saa sita usiku.

Kwa kuwa nyumba ya Bibi, mama yake Mama, iko karibu na hospitali, tulilala kwake. Sasa, Bibi ana sheria yake: hakuna mtu anayetoka mlangoni kwake na tumbo tupu. Awe fundi bomba, awe mgeni aliyepotea njia, atakula kwanza. Asubuhi Mama alipoingia kuoga, Bibi akaniita jikoni. Juu ya meza kulikuwa na kikombe cha chai ya maziwa na vipande viwili vya mkate uliopakwa siagi.

"Bibi, nimekatazwa."

"Wanakataza ili usiwachafulie mashuka yao. Mtoto akatwe akiwa na njaa? Watu hawana huruma hawa! Kula upesi, mama yako hajatoka. Hii siri yetu."

Nilijua ni kosa. Karatasi niliisikia kwa masikio yangu. Lakini tumbo lilikuwa linauma kwa njaa, mkate ulikuwa wa moto, na aliyesema ni mkubwa. Nikala vyote viwili, nikafuta midomo.

Hospitalini muuguzi wa wodi aliuliza kama nimekula. Mama akajibu upesi, "Hajala." Nikatikisa kichwa. Wakanivika gauni la kijani lisilo na mgongo, nikakaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, Mama kushoto, Bibi kulia. Kisha akatoka daktari wa dawa ya usingizi, mwanamke mwembamba mwenye miwani, akachuchumaa mbele yangu.

"Mara ya mwisho kutia kitu tumboni ilikuwa lini?"

"Jana jioni," nikasema.

Alinitazama machoni. Nikaona ananishuku, nikakasirika.

"Mbona mnauliza mara mbili mbili?" nikamjibu vibaya.

"Nitauliza hata mara kumi," alisema, naye hakutabasamu. "Dawa yangu inalaza kila kitu, hata ule mlango wa kooni unaozuia chakula kisiingie kwenye mapafu. Tumboni mkiwa na kitu, kikapanda, kinashuka kifuani. Mtu anaweza kufia mezani. Nimekwisha kuona, na sitaki kuona tena. Haya, niambie."

 Nikamtazama Bibi. Alikuwa anatazama sakafu, ameshika pindo la kanga yake. Nikawaza miezi mitatu mingine ya kukabwa kila nikilala, miezi mitatu mingine ya Jenereta na wino mwekundu. Kidogo tu ninyamaze! Halafu nikawaza ile meza.

"Nimekula!" nikapasuka. "Vipande viwili vya mkate na chai ya maziwa! Saa kumi na mbili na nusu! Bibi kanipa!"

Mama aliruka kutoka kwenye benchi. "Mama! Umefanya nini? Nimesoma karatasi mbele yako!" Watu wote wa ukumbini wakageuka. Daktari wa upasuaji alitoka na kofia yake kichwani, akaambiwa, uso ukamkunjamana.

"Inabidi zipite saa sita tangu ale, yaani saa sita na nusu mchana. Mimi sitakuwepo," alisema. "Mleteni mtoto anayefuata."

Ndivyo ilivyokwisha. Nilivua lile gauni nikalitupa chini. Daktari wa usingizi aliliokota mwenyewe, akalikunja.

"Kasirika, una haki," aliniambia. "Lakini unarudi nyumbani kwa miguu yako. Ungeendelea kudanganya, nisingejua ningekutoa vipi humu ndani."

Miezi mitatu sikusema na Bibi. Alipokuja nyumbani, niliingia chumbani nikafunga mlango. Mama alinilaza ubavu kama tulivyoelekezwa, tena akapeleka barua ya daktari shuleni. Mwalimu wa Hisabati aliisoma amesimama, akaisoma tena. "Mbona hamkusema?" akauliza. Nilitamani kumwambia nilisema mpaka nikachoka! Lakini alikwenda mbele ya darasa na kutangaza kwamba alinikosea, na kwamba atakayeniita Jenereta tena atazungumza naye ofisini. Hapo nikameza hasira zangu.

Bingwa aliporudi, nililala na njaa na kuamka na njaa, na Mama hakuniacha hata dakika. Daktari wa usingizi aliuliza mara tatu. Mara zote nilijibu kweli. Nilipozinduka koo lilikuwa linawaka kama nimemeza pilipili, lakini mafindofindo na vinyama havikuwepo tena.

Siku ya kumi baada ya upasuaji niliamka mwenyewe kabla ya kuitwa. Kichwa chepesi. Mdomo haukuwa mkavu. Nilikaa kitandani nikishangaa, kumbe watu wengine huamka hivyo kila siku. Kaka alisema aliamka mara mbili usiku kunisikiliza kama niko hai, maana sikutoa hata mlio.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango. Nikageukia ukutani. Safari hii hakuondoka.

"Nuna, lakini masikio unayo," alisema. "Nilidhani nakupenda kuliko madaktari. Kumbe ningekuua kwa mkono wangu."

Nilikuwa na hasira naye, lakini kuna jambo lililokuwa linanikera zaidi, nikalitoa kwa sauti ya kukwaruza. "Bibi, mimi nilijua ni kosa. Sikula kwa sababu ya kukutii. Nilikula kwa sababu ya njaa. Halafu nikakusingizia wewe peke yako."

Akavuta kiti mpaka ubavuni mwa kitanda.

"Basi tulikosa wawili. Lakini mimi nilikuwa pale kwenye benchi. Nilimsikia yule daktari akiuliza, nikamsikia akisema mtu anaweza kufa, nami nikanyamaza. Mtu mzima na mvi zangu! Niliona aibu kugombezwa na mwanangu mbele ya watu, nikawa tayari uingizwe mle ndani. Aliyefungua mdomo ni mtoto." Sauti yake ilitetemeka kwa hasira, na hasira ile haikuwa juu yangu. "Sikiliza, mjukuu wangu. Wakubwa tunaheshimiwa, lakini hatufichiwi makosa. Siku nyingine mkubwa yeyote akikuambia ufiche jambo la afya yako, iwe mimi, iwe mama yako, usimtii. Sema ukweli, tena useme mapema, kabla hujafika mlango wa chumba cha upasuaji."

Alikuwa analia, na mimi sikuwahi kumwona Bibi akilia. Hasira bado ilikuwepo kidogo, sidanganyi. Nikamshika mkono hivyo hivyo.