Gauni Lililoibwa Stesheni Kuu

Ijumaa, saa saba na dakika ishirini na tano mchana, Bibi Adelheid Rusch alirudi kutoka maliwatoni akisukuma kigari chake cha kutembelea. Akatupa jicho nyuma ya kaunta, akapiga yowe.

"Gauni! Gauni langu liko wapi?"

Bi Wiebke Harms alikuwa mlangoni mwa ofisi ya msaada wa wasafiri, anamweleza mtu wa sita mfululizo kwamba jukwaa la saba liko nyuma yake. Aligeuka. Ndoana ya makoti ilikuwa tupu. Mfuko mrefu mweupe uliotundikwa pale saa saba na dakika kumi haukuwepo, na mlango wa pili wa ofisi, ule wa kutokea upande wa lifti, ulikuwa umeachwa wazi kidogo.

Ndani ya mfuko ule mlikuwa na gauni la harusi aliloolewa nalo Bibi Adelheid mwenyewe. Kesho yake mjukuu wake mdogo, Friederike, alitakiwa kulivaa mjini Munich. Treni ya kwenda huko ilikuwa ya saa nane na dakika arobaini.

"Nani alikuwa analinda?" aliuliza bibi.

"Mimi," alisema Ottmar, mwenzake Bi Wiebke, ambaye ndiye aliyempokea bibi jukwaani. "Lakini nilikupeleka maliwatoni, mama. Sasa niwe huko na huku?"

Sajini Kruse wa polisi wa stesheni alifika saa saba na nusu. Macho yake hayakwenda kwenye ndoana. Yalikwenda kwa Ottmar moja kwa moja.

"Wewe tena?"

Ottmar alikuwa na miaka sitini na moja. Zamani alifungwa kwa kuiba masanduku ya wasafiri katika stesheni hii hii ya Lindhafen. Alipotoka hakuna aliyemtaka, ila ofisi hii, tena kwa sharti: siku mzigo utakapopotea mkononi mwake, anavua kizibao cha bluu cha kazi na harudi.

"Afande, nilikuwa nje ya maliwato namsubiri bibi."

"Peke yako?"

"Ulitaka nimsubiri na kwaya?"

"Usinijibu hivyo. Mtu aliyewahi kufungwa kwa masanduku asinijibu hivyo."

Bibi Adelheid alishika kifua. "Kumbe mwizi! Nimempa mwizi gauni langu!"

Bi Wiebke alifungua mdomo, akaona saa ya ukutani, akaufunga. Kipofu mmoja, Bwana Tönnies, alikuwa anamngoja ampandishe treni ya kutoka Berlin, jukwaa la kumi na nne, saa saba na dakika thelathini na nane. Hakuna mwingine wa kumpeleka.

"Msimtoe Ottmar humu mpaka nirudi," alisema, akaondoka akisonya.

Nafasi ya Bwana Tönnies ilikuwa behewa la tatu. Ubao wa jukwaani ulisema mabehewa ya mwanzo yatasimama sehemu A, kando ya ngazi. Wakasimama sehemu A. Zimebaki dakika mbili, likatoka tangazo: leo treni imegeuzwa, mabehewa yanakuja kinyume. Watu mia tatu wakanyakua mizigo yao. Wa A wakakimbilia F, wa F wakakimbilia A, wakakutana katikati wakikanyagana.

"Wanatuchunga kama ng'ombe," alisema Bwana Tönnies, ameng'ang'ania mkono wa Bi Wiebke.

"Ng'ombe wanaambiwa mapema, bwana. Kaza mwendo."

Sehemu F iko mbali, paa limeishia nyuma, na mvua ilikuwa inamwagika. Alimsukuma mzee ndani mlango ukiwa karibu kufungwa. Kisha akarudi jukwaa zima, akipigana vikumbo na wasafiri. Alipoingia ofisini, saa saba na dakika hamsini, nywele zilikuwa zimemganda usoni na viatu vinatoa maji.

Ottmar alikuwa kwenye kiti cha chini. Kizibao chake kilikuwa mezani, mbele ya sajini aliyekuwa akiandika. Askari wake walikuwa wamemkamata bwana mmoja jukwaa la tatu mwenye mfuko mrefu. Walipoufungua wakakuta suti nyeusi ya mazishi, na treni yake ikamwacha. Matusi yake yalisikika mpaka kwenye duka la mikate.

Kando ya Bibi Adelheid alikaa mwanamke wa kama miaka arobaini, amemshika mkono. Koti lake la sufu lilikuwa limefungwa vifungo vyote, nywele zimechanwa laini, kila unywele mahali pake.

"Mjukuu wangu mkubwa, Swantje," alisema bibi. "Ametoka Berlin kunisindikiza. Ndiyo kwanza anafika, anakuta msiba huu."

"Pole," alisema Bi Wiebke, akikamua shali yake. "Ile treni ya saa saba na dakika thelathini na nane?"

"Hiyo hiyo. Saa saba na dakika arobaini nilikuwa nimeshaingia hapa."

"Upesi hivyo?"

"Behewa la pili." Swantje alionyesha tiketi kwenye simu. "Lilisimama sehemu A, penye ngazi, kama kawaida yake. Hatua kumi, nikawa chini."

Kichwa kikachungulia mlangoni. "Samahani, jukwaa la saba liko..."

"Nyuma yako!" walisema Bi Wiebke, Ottmar na sajini kwa pamoja.

Bi Wiebke alivuta kiti, akakaa mbele ya Bibi Adelheid. "Bibi, nani alijua gauni limetundikwa humu?"

"Nani ajue? Mimi na huyo mwizi wako."

"Hukumwambia mtu?"

"Swantje tu. Nilimpigia tulipofika, nikamwambia limetundikwa vizuri nyuma ya kaunta, mimi naenda maliwatoni. Nampigia kila hatua, nisipompigia ananigombeza."

"Bi Wiebke," alisema sajini, "upelelezi niachie mimi. Wewe shughulika na majukwaa yako."

"Ndiyo ninayoshughulika nayo, afande. Treni ya Berlin leo imekuja kinyume. Behewa la pili limesimama sehemu F, nje ya paa. Nilikuwepo, nitazame nilivyo. Kila aliyeshuka behewa lile amelowa, na hakuna aliyefika hapa kwa dakika mbili, labda awe na mabawa." Alimgeukia Swantje. "Koti lako kavu, dada. Kalishike mwenyewe."

Swantje hakulishika.

"Ulifika na treni ya mapema," alisema Bi Wiebke. "Ukangoja bibi akupigie. Mimi nikiwa mlango huu naelekeza watu, wewe ukapita mlango wa lifti. Hiyo tiketi uliinunua ya kuonyesha."

Swantje akatoa kikaratasi mfukoni, akakiweka juu ya kizibao cha Ottmar. Kilikuwa cha kabati la kuhifadhia mizigo, mlango wa kusini, saa saba na dakika ishirini na moja.

"Uliniahidi mimi," alimwambia bibi yake. "Nilikuwa na miaka tisa. Ulinisimamisha juu ya kiti ukanivisha, ukasema wewe ndiye mkubwa, hili lako. Halafu ukampa fundi alikate mikono ili limfae Friederike. Mikono, bibi! Hata kuniuliza?"

"Miaka kumi na moja unaishi na mwanamume wako bila ndoa! Ningoje mpaka liliwe na nondo?"

"Ungeniuliza."

"Na huyu?" Bi Wiebke alimwonyesha Ottmar kwa kidole. "Umeingia ukamkuta ameshavuliwa kizibao. Ukakaa hapo dakika kumi unamliwaza bibi yako."

Swantje aliinamisha kichwa.

Saa nane na dakika ishirini askari alileta mfuko mweupe. Bibi Adelheid alifungua zipu, akapapasa kitambaa, akaifunga. "Basi, sajini. Huyu si mwizi, ni mjukuu wangu."

"Mambo ya nyumbani hayo," alisema Kruse, akilikunja daftari. "Yamekwisha."

Ottmar hakuinuka. "Afande, ukurasa huo una jina langu."

"Nitauchana."

"Usiuchane. Andika chini yake: hakuiba. Na saa uitie."

"Ottmar, treni ya mama huyu ni ya saa nane na dakika arobaini!" alisema sajini.

"Saa naiona. Andika."

Kruse alimtazama Bi Wiebke. Bi Wiebke alimsogezea kalamu. Sajini aliandika akipumua kwa nguvu, akaligeuza daftari. Ottmar alisoma polepole, midomo ikicheza, akarudia tena kutoka mwanzo. Ndipo alipovaa kizibao, akashika kigari cha bibi.

"Jukwaa la kumi na mbili. Mjukuu abebe gauni lenu, mimi siligusi."

"Ottmar," alisema Bibi Adelheid, wakiwa mlangoni, "mimi nilikuita..."

"Nilisikia ulivyoniita, mama. Inua mguu, hapa pana kizingiti."