Nukta Mkato ya Chatu

— Hebu toa hilo joka lako kwenye kompyuta yangu!

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Joka lenyewe ni Python, lugha ya kuandikia programu ambayo jamaa aliyekuwa akifokewa aliipenda hadi akabandikwa jina la Chatu. Mwenye kompyuta ni mpenzi wake, Nukta, muumini wa Java, lugha inayogoma mpaka kila kauli ifungwe kwa nukta mkato.

— Java yako ina maneno kama mshenga, Chatu akamrudishia. Kusalimia tu, mistari mitano!

— Afadhali mshenga, anafika kwenye hoja. Wewe kila siku "mimi na wewe, ipo siku..." halafu kimya. Ipo siku nini?

Kicheko kikakatika.

— Nimepata kazi mji mwingine, Nukta akaendelea. Shangazi aliyenitafutia anataka jibu kesho. Nimwambie nini?

Chatu akarudisha macho kwenye kioo chake. Nukta akabeba mkoba na kompyuta yake, huyo, chumba cha pili cha ofisi.

Chatu hakuichukia Java bure. Alijifundisha mwenyewe, kompyuta ya kuazima, na Java ikimkaripia kwa maandishi mekundu huku wenye vyeti wakimcheka. Anawakumbuka wote, sura na mashati. Python ndiyo iliyomfungulia mlango. Aliyekufungulia mlango hasahauliki.

Lakini jioni ile alikaa, akaandika kwa Java. Akatuma ujumbe: "Fungua faili nililokutumia. Usicheke."

Simu ikaita.

— Limegoma. Mstari wa mwisho hujaweka nukta mkato.

— Umeona? Ndizo kelele nilizozikimbia hizo!

— Na mimi ndizo nilizozifuata. Kwetu ahadi zote zilining'inia, Chatu. Baba kila kitu "tutaona." Hii lugha haikubali kauli isiyofungwa.

Chatu akakata simu, akaingia chumba cha pili, akainama juu ya bega la Nukta, akabonyeza kitufe cha nukta mkato. Programu ikakubali. Kwenye kioo yakatokea maneno: NATAKA KUKUOA. NIMEMALIZA.

Nukta akafuta macho kwa kiganja. Akafungua ukurasa mpya, akaandika mstari mmoja tu, kwa Python:

print("Ndiyo")

— Joka! Chatu akapiga kelele. Wewe?

— Jambo likiwa la hakika, maneno mengi ya nini? Haya, harusini tumwalike nani?

— Wale wenye vyeti, wote. Na waje na mashati yaleyale.