Ufa wa Fundi Kimya

Kidoti hakuwa na chumba chake. Hakuwa na kitanda cha peke yake, maana alilala kati ya wadogo zake wawili waliorusha mateke usingizini. Hakuwa na meza ya kuandikia, wala dirisha la kutazamia mvua. Alichokuwa nacho ni kiwanja kitupu ambacho mama yake alikinunua, na vyumba vinne alivyovichora pale chini kwa majivu.

Kila jioni aliingia kwa mlango usiokuwepo, akaketi chumbani mwake, mawingu yakawa dari. Huko alizama hata asisikie akiitwa.

Mama yake, muuguzi katika mji wa mbali, alikuwa ameandika: "Mafundi ni wawili. Nenda na bibi yako mkawaone. Chukueni tofali kwa kila mmoja, mliloweke kutwa nzima, kisha uniandikie nani tumpe kazi. Macho ya bibi yamechoka, nakutegemea wewe."

Fundi wa kwanza, Maringo, aliwapa tofali laini, akaja nao kiwanjani, akausifu mchoro wa Kidoti.

"Bibi, huyu si mtoto, ni mhandisi!"

Kidoti akavimba kichwa. Tofali likakaa uvunguni siku tatu, mwenyewe yuko kiwanjani anaota. Bibi alipouliza, alijibu, "Tayari, Bibi. Halikumong'onyoka hata chembe." Akaandika hivyo hivyo kwenye barua.

Kabla haijatumwa, Bibi alitaka wamwone fundi wa pili, mzee mfupi aliyeitwa Kimya. Huyu hakuwaonyesha nyumba mpya. Aliwapeleka kwenye nyumba aliyoijenga miaka ishirini nyuma. Bibi akapapasa ukuta taratibu, kama anayepapasa uso wa mtoto aliyelala. Mkono ukasimama.

"Fundi, hapa pana ufa."

"Upo, mama. Nilikuwa kijana, nikaharakisha msingi. Kila mteja namleta hapa kwanza."

"Huogopi kukosa kazi?"

"Kazi nimekosa nyingi tu," mzee akacheka. "Usingizi ndio sijakosa."

Njiani, huku amebeba tofali la Kimya, Kidoti akashindwa kuvumilia.

"Bibi, nimedanganya. Lile tofali sikuliloweka."

Bibi akamshika bega. "Usipoziba ufa..."

"Utajenga ukuta," Kidoti akamalizia kwa sauti ndogo.

"Basi ndoo si ipo?"

Kesho yake asubuhi waliyaloweka yote mawili. Jioni, tofali la Kimya lilitoka zima. Bibi akaligonga, likalia kama kengele. Kidoti akatumbukiza mkono kutafuta la Maringo. Akatoka na tope. Akakiona chumba chake, na dirisha, na wadogo zake wamelala, vyote vikiporomoka katika mvua.

"Bibi! Tungelala ndani ya uji!"

"Kuota si kosa, mjukuu wangu," Bibi alisema. "Hakuna nyumba isiyoanza kwa ndoto. Lakini ndoto haishiki paa. Kinachoshika ni kazi iliyofanywa kweli, na mtu asiyeficha alipokosea. Kimya ni wa namna hiyo. Na wewe umeanza."

Kidoti akaichana ile barua, akaandika nyingine. Aliandika kosa lake kwanza, ndipo akaeleza habari za tope na za mzee Kimya. Akailamba bahasha, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika, akaenda kuitumbukiza katika sanduku la posta.