Bibi Alisema Nilichomwagiza

Kila asubuhi, kabla hajafungua chandarua na kabla hajanawa uso, Sabra alitoa daftari chini ya mto akaanza kuandika. Hayakuwa masomo. Zilikuwa ndoto za usiku ule, na aliziandika upesi upesi kwa sababu ndoto haina subira, ukishasimama tu imekwenda zake. Mama yake, ambaye saa hizo alikuwa ameshakoka moto, hakulipenda daftari hilo hata kidogo.

"Sabra, ndoo inakungoja."

"Nakuja, mama. Namalizia mstari mmoja."

"Mistari yako haichemki. Nataka maji."

Sabra alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la sita, na kwao ni Kinole, huko juu Uluguru ambako kila mteremko una mdalasini, migomba au pilipili manga iliyoparamia miti. Tangu bibi yake afariki, alikuwa akiota mara kwa mara kwamba anafukuzwa mlimani na mtu asiyemwona uso. Aliamka amechoka, akawa anasinzia darasani. Mwalimu Editha, aliyefundisha sayansi, hakumgombeza. Alimwita pembeni akamuuliza kulikoni, na alipokwisha kusikia alimfundisha jambo ambalo Sabra hakuwahi kulisikia.

"Wapo watu wanaoota huku wakijua kuwa wanaota," alisema. "Ukijua, huna haja ya kukimbia. Unaweza kugeuka ukamuuliza huyo anayekufukuza anataka nini. Ila ni jambo la kujifunza taratibu, kama kuogelea."

Alimwambia aandike ndoto zake kila anapoamka, ili azizoee. Mchana, mara kadhaa, atazame mikono yake, ahesabu vidole na kujiuliza kwa dhati kama yuko macho au anaota, maana katika ndoto vidole mara nyingi havikai sawasawa. Na kabla ya kulala ajiambie, "Leo nikiota, nitajua ninaota." Mwalimu alimkataza jambo moja tu: asijikatizie usingizi makusudi, kwa sababu mtoto asiyelala vya kutosha haoti vizuri wala hasomi vizuri.

Wiki tatu nzima Sabra alihesabu vidole na hakuna kilichotokea. Salehe wa dawati la nyuma alimuuliza kila siku kama vimetimia au kimoja kimebaki nyumbani. Sabra hakumjali, akaendelea kuhesabu.

Siku hizo nyumbani kulikuwa na maneno. Bibi alikuwa ameacha shamba la pilipili manga karibu na kijito. Kwa desturi yao Waluguru, ardhi hupita upande wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Mjomba Mikidadi, kaka mkubwa wa mama, alikuwa hajatamka lolote. Aliyelilima shamba hilo ni Mosi, mdogo wake mama, ambaye pia alimuuguza bibi kwa miaka miwili, akimlisha, akimwogesha, na mara nyingine akimbeba mgongoni hadi zahanati. Mama naye alilitaka, kwa kuwa kati ya dada hao yeye ndiye mkubwa na ana watoto wanne.

Basi Jumapili moja mama mdogo Mosi alimkemea Sabra mbele ya Salehe kwa kukata mashina ya pilipili ovyo alipokuwa akisaidia kuchuma. Alistahili kukemewa, lakini nani anapenda kukemewa mbele ya Salehe? Alikwenda kulala amenuna.

Alfajiri aliota yuko shambani kule kijitoni. Alitazama mikono yake, na mkono wa kulia ulikuwa na vidole saba. Akajua. Alifurahi mpaka akaogopa kwamba furaha ingemwamsha. Aliamuru mvua inyeshe, ikanyesha. Akaiamuru iache, ikaacha. Kisha akamwona bibi amesimama kati ya mipilipili, na hasira ya jana ikamrudia.

"Bibi," alisema, "sema shamba ni la mama."

Bibi akageuka na kusema, "Shamba ni la mama yako."

Sabra alipoamka aliandika yote, neno kwa neno, pamoja na lile agizo lake. Daftari halikuongopa. Uongo ulifanyika jikoni.

"Mama, nimemwota bibi," alisema. "Amesema shamba la kijitoni ni lako."

Mama aliweka sufuria chini. "Bibi yako amesema hivyo? Mwenyewe?"

"Ndiyo."

Hapo ilibaki sentensi moja tu ya kusema, nayo Sabra hakuisema. Mama alikuwa akimtazama kama mtu mzima mwenzake. Asubuhi ile alimmiminia chai yeye wa kwanza, na ndoo akaenda nayo mtoni mwenyewe.

Kwao, marehemu akija ndotoni akataja ardhi, si habari ya kuchekea. Hupelekwa kwa mjomba. Mama alipiga simu saa ile ile. Ndoto ilitoka jikoni ikiwa fupi, lakini kufikia adhuhuri bibi alikuwa amevaa nguo nyeupe, na kufikia jioni alikuwa amelia machozi. Mjomba Mikidadi akatuma neno kwamba Mosi asichume hata punje moja mpaka wazee wakae Jumamosi.

Ilikuwa wiki ya kuchuma. Kila siku Sabra alipokwenda shule aliona pilipili zimeiva nyekundu, ndege wakizila na nyingine zikipukutika chini. Siku ya tatu alimkuta mama mdogo kwenye kizingiti cha nyumba yake, jamvi la kuanikia likiwa tupu mbele yake.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Nikuulize, mwanangu. Bibi yako alipokujia, alinitaja?"

Sabra aliubana mkoba wa shule kifuani.

"Miaka miwili nimemlisha kwa mkono huu," Mosi alisema. "Hata kunitaja hakunitaja."

Hakuna aliyewahi kumwambia Sabra maneno yaliyomuuma namna ile. Alifika shule hajui amepita njia gani. Na ndani ya maumivu hayo ilikuwemo hasira, tena hasira kali. Nani alisema bibi alilia? Nani alimvika nguo nyeupe? Yeye hakusema hayo. Watu wazima, wanaowachapa watoto kwa kusema uongo, walikuwa wameishonea ndoto yake mikono na miguu, na sasa ilikuwa inatembea kijijini ikimdhulumu mtu.

Jioni alimkabili mama. "Mama, ile ndoto niliielekeza mwenyewe. Mimi ndiye niliyemwagiza bibi aseme."

"Unaona haya tu kwa sababu ya mama yako mdogo," mama alijibu bila kumtazama. "Nenda kapembue mchele."

Kesho yake alivuka mto hadi kwa Mjomba Mikidadi. Alimwamkia kwa adabu, akaeleza kila kitu tangu vidole hadi mvua. Mjomba alimsikiliza akitabasamu, na tabasamu hilo lilimchoma Sabra kuliko makofi.

"Mtoto hajui alichobeba," mjomba alisema. "Marehemu amepitia kwako kwa sababu moyo wako ni safi. Usianze kuyachezea maneno ya wakubwa."

"Lakini mjomba, ndoto ni yangu."

"Ilikuwa yako. Sasa ni ya ukoo."

Sabra alirudi akipiga mawe teke njia nzima. Alipokuwa amelala walimwamini. Sasa yuko macho, anasema ukweli mbele yao kwa Kiswahili safi, wanamwambia anacheza. Kama huo si uonevu, uonevu ni nini?

Alimweleza Mwalimu Editha, akitegemea kwamba mwalimu angekwenda kuwaambia. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi si wa ukoo wenu, na hata ningekuwa, si mimi niliyenyamaza jikoni."

"Wao ndio walioongeza machozi, mwalimu."

"Waliongeza, na una haki ya kukasirika. Lakini ukiwakasirikia wao peke yao, utakuwa umeacha nusu tena. Nenda na daftari. Usome kama ulivyoandika, hata pale panapokuaibisha."

Jumamosi wazee watatu walikaa barazani kwa Mjomba Mikidadi. Mama alikuwa upande mmoja wa jamvi na Mosi upande wa pili, dada wawili ambao wiki nzima hawakusalimiana. Sabra aliitwa asimulie ndoto. Alisimama, akaeleza kwanza juu ya mtu anayemfukuza ndotoni na jinsi mwalimu alivyomfundisha amgeukie amuulize, kisha akafungua daftari na kusoma. Alisoma vidole saba, alisoma mvua, na alipofika kwenye "Nikamwambia bibi, sema shamba ni la mama," aliisoma sentensi hiyo hadi mwisho.

"Haya niliyaacha kwa makusudi," alisema. "Nilikuwa nimemkasirikia mama mdogo. Bibi alisema nilichomwagiza."

Mjomba alitikisa kichwa. "Daftari mtu anaweza kuandika hata jana. Mama mzazi wa watu hawezi kuagizwa na mtoto."

Mzee Abdulatif, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, aliuliza, "Humo ndani mna ndoto nyingine kama hiyo?"

"Ipo moja, babu. Ya juzi."

"Isome."

Sabra alimwangalia mjomba, akasita, kisha akasoma. "Nimejua ninaota. Nimemwona Mjomba Mikidadi anakuja na kofia yake. Nikamwambia apande mbuzi azunguke gulio mara tatu. Akapanda. Nikamwambia aimbe. Akaimba."

Mzee Abdulatif alimgeukia mwenyeji wake taratibu.

"Mikidadi, juzi ulipanda mbuzi?"

"Mimi? Sijapanda mbuzi maishani mwangu."

"Ajabu. Mtoto amekuona, tena kwa macho yale yale aliyomwonea mama yako. Ama ulipanda, ama tumemfungia Mosi shamba wiki nzima kwa jambo tusilolijua."

Mzee mmoja aliziba mdomo kwa mkono wake, mabega yakimtikisika. Mjomba hakucheka. Alivua kofia, akaikunja na kuikunjua.

Ndipo mama aliposimama. "Nguo nyeupe na machozi niliyatia mimi," alisema, akitazama jamvi. "Mtoto hakuyasema. Na aliponiambia ukweli, sikutaka kuusikia. Nililitaka shamba."

Mjomba aliivaa tena kofia yake. "Basi tuamue kwa tunayoyajua tukiwa macho. Aliyelima ni nani? Mosi. Aliyemuuguza mama ni nani? Mosi. Shamba litabaki mikononi mwake." Kisha akamwambia Sabra, kwa sauti ya chini, "Ulikuja kwangu na ukweli, nikakurudisha nao. Hapo nilikosea, mwanangu."

Kesho yake asubuhi Sabra na mama walikwenda shambani bila kuitwa. Mosi alikuwa juu ya ngazi akichuma zilizosalia. Chini ya miti punje zilikuwa zimetapakaa, nyingine zimekanyagwa na nyingine zimeanza kuota ukungu. Walipiga magoti wakaanza kuokota zile zilizofaa, moja moja. Mama alizikusanya kwenye upindo wa kanga yake, na baadaye Mosi alishuka akampa ungo wake.

"Nisamehe, mama mdogo," Sabra alisema.

"Nimekusikia. Hasira bado ninayo, sitakudanganya." Mosi alichuchumaa mbele yake. "Ndoto zako endelea kuziota, na huyo anayekufukuza mgeukie umuulize anataka nini. Sikukatazi. Lakini ukiamka ukafungua mdomo, sema yote. Ulichokitia wewe, sema nimekitia mimi. Hata ikiwa ni jambo moja dogo tu, usilikate, maana hujui nani ataishi na kile ulichokibakiza."

"Sitakata tena."

"Nilimlilia mama yangu alipofariki, nikamaliza," Mosi alisema. "Wiki hii nimemlilia upya, kwa sababu nilidhani amekufa akiwa amenisahau."

Sabra aliinama akaendelea kuokota, na mama yake mdogo akasogea akaokota karibu naye.