Fidla Mbili

Dada yangu Herieth alinisimulia haya mara moja tu. Nikimuuliza tena, anaondoka.

Ilikuwa Jumamosi ya Februari. Ukumbi wa parokia hapa Sumbawanga ulikuwa unapangwa viti kwa ajili ya jioni ya orkestra: muziki wa Ulaya wa karne ya kumi na tisa, ule wa mahaba na majonzi. Fidla ya mbele, inayopiga peke yake, ilikuwa ya Justina, mwalimu wa kijiji cha Chala. Herieth alikuwa akiba yake. Miaka minne alijifunza kila noti ya Justina, asiitwe hata siku moja.

Saa tisa ukaingia ujumbe wa Justina kwenye simu ya Herieth. “Pikipiki imeharibika njiani, dereva kaenda kutafuta fundi. Niko peke yangu na wingu ni zito. Mwambie Mwalimu Fabiani atume gari.”

Herieth akajibu: “Kaa hapo hapo. Gari linakuja.”

Kisha akamfuata Fabiani, kiongozi wa orkestra. “Justina anaumwa, Mwalimu. Kasema nipige mimi.”

Saa kumi na mbili wakaanza. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili, ile ya polepole, Herieth akasikia fidla nyingine ikipiga noti zake zilezile, nyuma ya sikio lake. Akadhani ni mwangwi. Akainua upinde kutoka kwenye nyuzi.

Ile nyingine ikaendelea.

Watu walikuwa wamefumba macho. Fabiani alikuwa ameinamia karatasi zake. Harufu ya nywele zilizoungua ikamjia Herieth. Hakugeuka. Alipitisha upinde juu ya nyuzi bila kuzigusa, hadi mwisho.

Makofi. Fabiani akamnong'oneza, “Leo umepiga kama Justina mwenyewe.”

Simu ikaita. Mama Bertilla, mama yake Justina. Radi ilimpiga mwanawe kando ya barabara, saa kumi kasoro. Fidla yake iliteketea mapajani. Alikutwa ameketi.

Kesho yake, Chala, Herieth alipiga magoti. “Shikamoo, mama. Mimi ndiye niliyemwambia akae.”

Mama Bertilla alimshika mkono, akamwingiza chumbani alikolazwa marehemu, akafunua shuka, akageuza kiganja cha kushoto.

“Tumemwosha mara mbili,” alinong'ona.

Kwenye ncha za vidole vinne kulikuwa na alama za nyuzi. Zilikuwa nyekundu, zimebonyea, kama za mtu aliyeweka fidla chini sasa hivi.