Ng'onda Juu ya Daraja

Kila asubuhi Sabiha alikwenda darajani na ndoo za samaki. Daraja lile dogo lipo kwenye barabara ya kwenda Saadani, na sakafu yake ya zege hushika joto mapema. Kwa miaka mingi wanawake wa kijiji walianika pale ng'onda, samaki waliopasuliwa na kulowekwa maji ya chumvi. Maji ya chumvi yaliyobaki ndooni waliyamwaga papo hapo, wakaenda zao.

Masika iliyopita sakafu ilitoboka. Hamidu, mume wa Sabiha, alikuwa anapita na bodaboda yake. Tairi la mbele likazama, pikipiki ikamponda mguu. Hospitalini wakamkata mguu wa kulia. Shimo lilizibwa kwa saruji, watu wakasema daraja limepona. Sabiha akaendelea kuanika. Angefanya nini? Sasa nyumba ilimtegemea yeye.

Siku moja akaja mhandisi, Wahida, akisukuma kigari chenye kioo kama cha televisheni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na hicho kitoroli?"

"Ni rada. Naomba mtoe samaki, nipime."

"Daraja limeshazibwa, mwanangu. Huoni lilivyo zuri?"

"Juu ni zuri. Mimi natafuta ya ndani."

Alipita mstari kwa mstari, kisha akamwita Sabiha atazame kioo.

"Uliwahi kupimwa mimba kwa picha?"

"Watoto wanne, nisipimwe?"

"Basi hii nayo hutazama ndani bila kupasua. Inatuma mawimbi kwenye zege. Yakigonga nondo, yanarudi. Hivi vilima ni nondo. Pale zege lilipo zima, vinaonekana wazi. Huku vimefifia. Nadhani pana unyevu na chumvi."

Hakuishia kudhani. Alipagonga kwa nyundo, pakalia kama debe tupu. Fundi aliyekuja naye akachimba kidogo. Nondo ilikuwa imeliwa na kutu, nyembamba kama njiti.

"Chumvi imetoka wapi?" Sabiha akauliza.

Wahida aliitazama ndoo.

"Maji ya chumvi hupenya kwenye nyufa, mama. Yakifika kwenye nondo, kutu huanza. Kutu huvimba, zege linabanduka. Kiraka kinaficha tu."

Sabiha alishikwa na uchungu, kisha hasira.

"Na nyinyi mlikuwa wapi miaka yote hiyo?"

"Hatukuja," alisema Wahida. "Ilitupasa tuje."

Maneno mazuri. Lakini mguu hauoti tena.

Malori yalizuiwa. Mafundi walibomoa zege bovu, wakaweka nondo mpya, wakapaka dawa ya kuzuia maji yasipenye. Wanawake walijenga chanja za miti za kuanikia, mbali na daraja. Tarehe ya ukaguzi mwingine wa rada ilibandikwa ofisi ya kijiji.

Daraja lilipofunguliwa, Fuso la kwanza lilipita na shehena yake, na sakafu haikutikisika. Watu walipiga vigelegele. Hamidu alisimama kwa magongo, akimtukana mkandarasi aliyelijenga zamani, kama kawaida yake.

"Mwizi yule! Saruji aliila yeye!"

Sabiha alishindwa kuvumilia.

"Ilikuwa chumvi, baba Adila. Maji ya ndoo zangu."

Hamidu akamgeukia.

"Ndoo hizo si nilikuwa nakubebea mimi, kwa pikipiki?"

Tangu siku ile Hamidu hakumtukana tena mkandarasi. Hakubaki na mtu wa kumtukana.