Roshani ya Ubavu wa Kushoto

JUMANNE, SAA NNE ASUBUHI. SIKU KUMI NA MOJA KABLA.

Chumba cha nyuma ya duka la viatu kilinuka gundi. Mezani palilala ramani ya meli, sitaha kumi na mbili, imebanwa pembeni kwa visigino vinne visivyo na viatu. Watu watatu waliizunguka. Ukihesabu magoti mazima ya genge lile unapata mawili tu, na yote mawili ni ya Mkwe.

Kigogo alikuwa Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale, lakini kila aliyewahi kumwita jina lingine alijuta. Duka lilikuwa lake. Kazi nyingine, ile ya chumba cha nyuma, ilikuwa yake pia, mwaka wa ishirini sasa. Mkwe alikuwa mkwe wake kweli: alimwoa binti, akapewa na mama juu, kama nyongeza ya sokoni. Aliendesha lori la mboga linaloingia bandarini kila siku.

Wa tatu alikuwa Seremala. Miaka sitini na moja. Kabla hajawa mwizi alifanya kazi kwenye kiwanda cha meli, akifunga roshani. Alifunga roshani mia sita kwa mikono yake, na hajawahi kukaa hata kwenye moja.

"Chagua chumba," Shangazi alisema.

"Chukua hiki cha mbele," Mkwe alidakia. "Roshani yake kama uwanja wa mpira."

"Mbele panapanda na kushuka. Utatapika hadi jina lako."

"Cha nyuma basi."

"Juu yake kuna bwawa la kuogelea. Viti vinaburutwa tangu alfajiri. Mtu halali."

Shangazi alivua miwani. "Seremala, tunakwenda kuiba au kulala?"

"Kama kuna nafasi ya vyote viwili, Shangazi, mimi sikatai."

Hakuna aliyecheka. Seremala alichukua penseli nyuma ya sikio, akaichora ile kazi yote kwa mistari minne.

Sonara mmoja tajiri husafiri na meli hii kila mwaka, na kila mwaka hulala chumba kilekile, sitaha ya nane, namba mia na ishirini na mbili. Mawe yake ya thamani huyabeba kwenye mkoba wa chuma. Kasiki ya chumbani inatosha pasipoti na saa ya mkononi, basi. Mkoba hukaa kabatini. Kati ya roshani na roshani pana kiambaza cha bati. Abiria hudhani ni ukuta. Si ukuta, ni mlango. Wafanyakazi hukifungua kwa ufunguo wa pembe nne wanapoosha sakafu. Seremala alikuwa nao ufunguo huo tangu siku alipofukuzwa kazi. Ndiyo marupurupu pekee aliyojilipa.

"Kwa hiyo tunataka jirani yake," Mkwe alisema. "Mia na ishirini na nne."

"Chini yake kuna mashua ya kuokolea. Ukidondosha mfuko unatua kwenye paa la mashua, unakaa pale hadi siku ya kiyama." Penseli ilisogea. "Mia na ishirini. Hiki kiko juu ya pengo, kati ya mashua na mashua. Ukidondosha, unakwenda moja kwa moja gatini. Na meli hii hulala ubavu wa kushoto kila inapotia nanga hapa, maana mlango wa mizigo uko huko. Lori lako litasimama chini, Mkwe, na godoro kati ya makreti."

"Lini?"

"Saa kumi alasiri, saa moja kabla ya kuondoka. Zoezi la dharura. King'ora kinalia, kila abiria anavaa boya la kujiokolea, anakwenda kupanga mstari. Vyumba vyote vitupu. Nina dakika kumi na tano kabla hawajanitafuta, na wakinitafuta watanikuta chooni, nalia na tumbo."

Shangazi alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeonja mchuzi na kuukubali. "Tiketi nalipa mimi. Jina lako. Na la mkeo."

Penseli ilisimama.

"Mke wangu hahusiki."

"Mzee peke yake melini ni mashaka. Mzee na bibi yake ni jubilei. Jina langu likigusa kompyuta ya bandari linapiga kelele, na Mkwe yuko kwenye lori. Wewe ndiye msafi."

Katika miaka thelathini na minane ya ndoa, Seremala alikuwa ameiba kila kitu kinachoibika, ila jina la mkewe hakuligusa. Hilo lilikuwa ndilo ghala lake pekee. Lakini alikuwa amechoka. Uchovu wake haukuwa wa siku moja. Ulikuwa umehamia, umeleta na vitanda vyake. Na tena, alimwahidi mama watoto safari ya baharini wakiwa bado vijana.

"Ya mwisho," alisema.

"Ya mwisho," Shangazi alisema. Neno hilo alikuwa amelisema mara saba.

JUMAMOSI, SAA SABA MCHANA.

Sanduku lilikuwa zito kama deni la ukoo. Seremala alilikokota korido nzima, jasho likimtiririka hadi soksini.

"Mama watoto, siku saba hizi. Umepakia nini, mawe?"

"Vitu vya kike."

"Vya kike vinagonga kama bati?"

"Sufuria," mkewe alisema, bila haya.

"Nani anakwenda na sufuria melini? Wanatupikia!"

"Wewe tembea."

Chumba mia na ishirini kilikuwa kama alivyokichora. Kitanda, kabati, mlango wa kioo unaoteleza kwenye reli. Nje, roshani: viti viwili, kimeza, ukingo wa kioo. Mkewe alitoka, akashika ukingo kwa mikono miwili. Chini kabisa, pengoni, gati lilionekana, na watu kama kunguni.

"Hii ndiyo ulikuwa unatengeneza?"

"Hii. Nyingine kama hii."

"Nzuri," alisema. Akakaa kiti cha kushoto. Cha kulia akakipigapiga kwa kiganja.

Seremala hakukaa. Alikuwa anakiangalia kiambaza.

SAA TISA NA NUSU. DAKIKA THELATHINI.

Mkewe alikuwa mbele ya kioo, akijitazama huku na huku. Masikioni kulikuwa na kitu kinang'aa.

"Hereni hizo umezitoa wapi?"

"Yule mama wa duka la viatu. Alikuja jana ukiwa kwa kinyozi. Akasema zawadi ya jubilei yetu, nizivae melini, zisikae sandukuni." Aligeuka. "Zinanipendeza?"

Seremala alisogea karibu. Alitaka awe amekosea. Jiwe jekundu, mbegu za dhahabu kuzunguka. Kindoano cha sikio la kulia kilikuwa kimepinda kidogo, kazi ya koleo lisilofaa. Kazi yake mwenyewe. Miaka miwili nyuma, chumba cha nyuma, kilivunjika mkononi mwa Mkwe, naye Seremala akakiunga chini ya taa. Walikuwa wameziiba hereni hizo siku hiyohiyo dukani kwa sonara.

Sonara huyuhuyu wa mlango wa pili.

Alikaa kitandani. Sasa aliona kazi yote, mstari wa tano ambao hakuuchora yeye. Mfuko unashuka, lori linatoka, Shangazi anapiga simu melini: tazameni chumba mia na ishirini. Wanamkuta mzee wa roshani, na mwanamke mwenye hereni za wizi masikioni. Kesi inaishia hapo. Nani atahangaika kutafuta lori la kabichi?

Shangazi alihesabu jambo moja: mwanamume wa ndoa ya miaka thelathini na minane hamtazami mkewe masikio. Hesabu nzuri. Kwa wanaume tisa kati ya kumi ingetoka sawasawa. Alisahau kwamba seremala hatazami uso wa kitu, hutazama viungo vyake.

"Nipe hizo hereni," alisema.

Mkewe alimtazama. Alizivua moja baada ya nyingine, akaziweka kwenye kiganja cha mumewe.

"Huniulizi?"

"Nikikuuliza utaniongopea. Nimechoka kuongopewa, baba watoto, na wewe umechoka kuongopa. Mimi nafua suruali zako. Seremala gani anarudi nyumbani miezi sita mfululizo bila vumbi la mbao?"

Seremala aliyatazama magoti yake.

"Nitakwenda kwenye zoezi lao," mkewe alisema, akivaa boya la rangi ya machungwa. "Nitasema unaharisha. Usinitie aibu nikirudi."

SAA KUMI KAMILI.

King'ora kililia. Milio mifupi saba, mrefu mmoja. Korido zilijaa viatu, kisha zikakauka.

Ufunguo wa pembe nne ukaingia. Kiambaza kikafunguka bila kelele. Seremala alivuka hadi roshani ya jirani. Mlango wa kioo ulikuwa umefungwa. Aliushika chini kwa vidole, akaunyanyua kwenye reli, akausogeza kando kama sahani.

Saa kumi na dakika nne. Kabati. Mkoba ulikuwepo, nyuma ya makoti.

Aliushika. Ulikuwa na uzito wa kupendeza. Ndani yake mlikuwa na nyumba, shamba, magoti mapya kwa daktari mzuri. Angeweza kwenda nao. Angeweza kuuficha, kuwaruka wote, Shangazi, Mkwe, sonara. Ujana wake ulimnong'oneza hivyo, na ujana wake ulikuwa mshauri mbaya tangu zamani. Mawe yakikosekana, meli itapekuliwa msumari kwa msumari, na jina litakalosomwa kwa sauti ni la mama watoto.

Aliutazama mkoba kama mtu wa ghorofa ya nne anavyotazama ngazi. Akaurudisha nyuma ya makoti. Akapangusa mpini kwa pindo la shati.

Dakika ya saba. Mlango kwenye reli. Kiambaza. Kufuli. Sasa mfuko wa turubai aliopewa na Shangazi: akatia ndala mbili za bure za chumbani, matofaa yote ya kwenye bakuli, chuma cha kutundikia koti. Hereni akazifunga kwa karatasi ya chooni, akazitia ndani ya ndala ya kulia. Ufunguo wa pembe nne akautia ndala ya kushoto. Mkono ulisita kidogo juu ya ufunguo. Yeye na ufunguo huo walikuwa wamekaa pamoja sana.

Dakika ya nane lori lilisimama pengoni. Mkwe alishuka, akajifanya anakaza kamba. Hakutazama juu.

Seremala alidondosha. Mfuko ulipita katikati ya mashua mbili, ukatua kwenye godoro, bufu. Turubai ya lori ikafunikwa. Lori likaondoka taratibu, kama mtu mwenye dhamiri safi.

Saa kumi na dakika kumi na tatu wafanyakazi wa meli waligonga mlango. Alijibu akiwa chooni, kwa sauti ya mtu anayeharisha.

SAA KUMI NA NUSU.

Mara hii waligonga kwa nguvu. Maofisa wawili wa usalama, na nyuma yao mwanamume mwenye mvi na suti ya kitani. Mkewe alikuwa amerudi, boya bado shingoni.

"Samahani mzee, samahani mama," ofisa mkubwa alisema. "Tumepigiwa simu. Mkoba wa huyu bwana upo salama, ameukagua mwenyewe. Lakini aliyepiga ametaja chumba hiki. Ametaja hereni. Nyekundu. Amesema mama amezivaa."

Kwa hiyo ni kweli. Hadi hapo kulikuwa na pembe ndogo moyoni mwa Seremala iliyotumaini amemsingizia Shangazi. Miaka ishirini si mchezo. Ile pembe ilizimika, naye akahisi usingizi.

Mkewe aligeuza kichwa kushoto, kisha kulia. Masikio matupu.

"Hereni?" Alimsonta mumewe kwa kidole. "Kutoka kwa huyu? Tangu anioe hajaninunulia hata pini! Tafuteni, tafadhali. Mkizipata mniambie, nijue anamhonga nani."

Ofisa mdogo alikohoa ili asicheke. Walipekua hata hivyo. Walifungua sanduku kubwa, wakatoa nguo, wakatoa sufuria, wakaitazama, wakairudisha. Sonara aliomba radhi mara tatu.

SAA KUMI NA MOJA NA DAKIKA SITA.

Meli ilikuwa imeachia gati. Simu ililia.

"Ndala?" Sauti ya Shangazi ilikuwa shwari. Hiyo ndiyo sauti yake mbaya. "Umenitumia ndala, Seremala?"

"Angalia ndani ya ndala ya kulia."

Akasikia karatasi ikifunuliwa.

"Kindoano nilikiunga vibaya," Seremala alisema. "Samahani."

"Jumamosi ijayo meli inarudi hapahapa."

"Najua. Ubavu wa kushoto."

"Tutakuwa gatini. Mimi na Mkwe. Na wengine ambao huwajui."

"Nitawaona mapema. Nilichagua chumba kizuri."

Seremala alikata simu. Alitoka hadi roshani akiburuta miguu, akakaa kiti cha kulia. Ndiyo mara yake ya kwanza. Kilikuwa kigumu kidogo mgongoni; angejua zamani angelalamika kiwandani. Gati lilikuwa linapungua. Kwenye pengo kati ya mashua mbili palipita maji matupu.

"Wanatusubiri tukirudi," alisema. "Sijui nitafanya nini, mama watoto. Sina mbio tena."

Mkewe alivua boya hatimaye, akalitundika kwenye ukingo alioujenga mtu kama mumewe.

"Bandari ya tatu tutakayotia nanga anakaa dada yangu," alisema. "Ana chumba cha uani. Nilimwandikia tangu Jumatano, ulipokuja na habari ya tiketi za bure."

Seremala alikigeuza kiti chake kumwelekea.

"Sandukuni kuna nini?"

"Picha za watoto. Hati ya ndoa. Makoti yetu. Randa yako ile ndogo." Alifumba macho, jua likimpiga usoni. "Na unaniuliza sufuria ya nini."